Masalia ya Mama Pindo

Asubuhi Mama Pindo alipofariki, suruali ya mwenye bucha ilikuwa bado chini ya sindano ya cherehani yake, mguu wa kushoto umekwisha kupindwa, wa kulia unaning'inia kama ulimi wa mbwa aliyechoka. Alikuwa ameinuka hapo kwenda hospitali kwa miguu yake mwenyewe, akisema ni kifua tu, atarudi kuumalizia. Hakurudi. Habari ililetwa na dada wa mume wake, yule aitwaye Kengele kwa sababu husikika kabla hajaonekana. Siku hiyo alisikika tangu kwenye kona ya duka la dawa, hata alipofika mlangoni majirani walikuwa wamekwisha kuketi mkekani, wengine wanalia, wakimsubiri aje awaambie wanamlilia nani.

Mume wake, Bwana Soli, fundi viatu, alikuwa barazani, kiatu mapajani na misumari midogo mdomoni. Alipoambiwa aliitoa misumari mmoja mmoja, akaipanga juu ya kisanduku, akautafuta mfuniko wa gundi akaufunga vizuri isije ikakauka. Kisha akakaa. Hakusema neno. Na kwa kuwa siku zote hakuwa mtu wa maneno, hakuna aliyeona tofauti.

Walikuwa wameishi nyumba ya chumba na ukumbi. Ukumbini ndiko kulikokuwa na cherehani, barazani ndiko kulikokuwa na kisanduku cha viatu. Mteja kuanzia kifundo cha mguu kwenda juu alikuwa mali ya mke. Kuanzia kifundo kwenda chini, mali ya mume. "Mtu akipita kwetu," Mama Pindo alipenda kusema, "anatoka mzima." Aliyasema hayo kwa shida, maana mdomo wake ulibana pini kama mdomo wa mumewe ulivyobana misumari. Ndoa yao yote ilikuwa imeongelewa kwa midomo iliyofumbwa. Walikuwa na "mm" ya chai imeiva, "mm" ya mteja msumbufu, na "mm" ndefu, ya kushuka, iliyomaanisha: dada yako huyo anakuja.

Msibani watu walijaa. Walimlilia kweli, maana hakuna mtaani ambaye hakuwa amepimwa kiuno na Mama Pindo. Lakini fundi cherehani hafi peke yake; hufa na nguo za watu. Mwenye bucha alimkumbatia Bwana Soli, akasema, "Pole sana ndugu yangu. Kazi ya Mungu haina makosa." Kisha akamwinamia sikioni. "Samahani kuuliza wakati kama huu. Ile suruali yangu?"

Bwana Soli akaelekeza kidevu kwenye cherehani.

"Mguu mmoja?"

"Mmoja."

"Basi Mungu amlaze mahali pema," alisema mwenye bucha, akajifuta jicho, na ilikuwa vigumu kujua chozi lile lilikuwa la nani, la marehemu au la mguu wa kulia.

Mazishi yalipokwisha ndipo Kengele aliposimama katikati ya ukumbi, akapiga makofi kuwanyamazisha wanawake wa jumuiya, akatangaza alichokuwa amekibana kifuani kwa siku zote hizo, kitendo ambacho kilimgharimu afya.

"Jamani, mimi ndiye niliyekuwa kitandani pake saa ile. Wifi alinishika mkono hivi. Akaniambia, 'Wifi, masalia yamo kwenye kopo la biskuti. Yasitupwe. Yapelekwe kanisani kabla Bibi hajafika.' Akafumba macho. Ndiyo maneno yake ya mwisho, na anayedai nimeongeza hata moja anyooshe mkono."

 Kila mtu akageuka kutazama juu ya kabati, lilipokuwa kopo kubwa la biskuti, la bati, mfuniko wake wenye kutu umekazwa kwa nguvu.

Lazima isemwe kwamba neno hilo lilikuwa limewajaa watu masikioni. Kwa wiki nyingi Paroko alikuwa akihubiri habari za masalia ya Mtakatifu Anna, mama yake Bikira Maria, yaliyokuwa yakizungushwa parokia moja baada ya nyingine na yangelala kwao Jumapili ya mwisho wa mwezi. Waumini walipiga hesabu ya ukoo, wakaona kuwa mama yake Maria ni bibi yake Yesu, na tangu hapo hakuna aliyemwita vingine. "Bibi anakuja," walisema, kana kwamba angeteremka stendi na kikapu. Kengele alikuwa amemwuliza Paroko hadharani kama Bibi ameandaliwa kitanda.

Bwana Soli ndiye pekee aliyejua. Miaka mingi nyuma, baada ya mafundisho kanisani juu ya mambo hayohayo, kwamba Kanisa hutunza mifupa ya watakatifu, na mavazi yao, na hata kitu kilichogusishwa tu kwao, Mama Pindo alirudi nyumbani, akainama kuokota vipande vya vitambaa vilivyodondoka chini ya mkasi, akacheka mpaka pini zikamtoka. "Watakatifu wana masalia yao," alisema, "na mafundi tuna yetu." Tangu siku hiyo vipande vyote viliitwa masalia. Lilikuwa neno la nyumbani, halikuwahi kuvuka kizingiti.

Sasa limevuka.

"Dada," alisema Bwana Soli. "Hayo masalia ni—"

"Nyamaza mdogo wangu, una majonzi. Mwenye majonzi hasemi, husemewa."

"Ni vitambaa tu."

Kengele akashika kifua. "Mmesikia? Ni vitambaa! Ni masalia ya mavazi!"

"Alivikata mwenyewe."

"Alivikata kwa mkono wake! Alipata wapi nafasi hiyo? Ngojeni! Si alimshonea yule mtawa aliyekwenda kuhiji ng'ambo? Si alimpunguzia vazi? Mtawa karudi na zawadi, wifi kanyamaza nayo. Na huyu," akamnyooshea mdogo wake kidole, "huyu alijua miaka yote hii akajifanya anagonga viatu!"

Bwana Soli alifungua mdomo, akaona kila ukweli anaoutoa unashonewa joho la uongo palepale na kuvikwa. Akaufumba.

Kabla ya jua kuzama kopo lilikuwa juu ya cherehani, limetandikiwa leso, mshumaa mbele yake, na suruali ya mwenye bucha imesogezwa kidogo ili isichukue nafasi ya utakatifu. Wanawake wa jumuiya walipanga zamu za rozari. Hakuna aliyethubutu kufungua. Waligusa mfuniko kwa ncha za vidole, wakajipaka kwenye kiungo chenye shida.

Miujiza haikukawia. Mwenye bucha, aliyekuwa na jino linalompasua kichwa, aligusa kopo Jumanne, na Alhamisi jino likanyamaza kabisa. Ni kweli kwamba Jumatano alikuwa ameling'oa, lakini alisema mwenyewe kwamba bila kopo asingepata ujasiri wa kuketi kwenye kile kiti. Mwalimu wa kwaya, aliyekuwa amekaukiwa sauti, alirudishiwa yote siku ya pili, jambo ambalo kwalo kwaya nzima ilimshukuru Mtakatifu Anna kwa shingo upande. Goti la Kengele lilipona, likaugua, likapona tena.

"Na suruali?" aliuliza mwenye bucha kila alipokuja kusali.

"Bado," alijibu Bwana Soli.

Wa kwanza kushangaa alikuwa Bwana Soli mwenyewe, alipogundua kwamba ameacha kubisha. Alikuwa ameogopa siku mkeka utakapokunjwa. Alijua itakavyokuwa: watu watarudi makwao na yeye atabaki barazani, akisema "mm" na kusikia ukumbi haujibu. Sasa mkeka haukukunjwa. Watu walikuja, na walipochoka rozari walimsema marehemu. Mmoja alisimulia jinsi alivyomfumulia gauni zima la harusi kwa sababu ya mshono mmoja uliopinda. Mwingine alimwiga akipima kiuno huku akitikisa kichwa. Mwalimu wa kwaya alikumbuka hadithi ya shati la harusi la Bwana Soli, lile la buluu, alilolishona Mama Pindo mwenyewe na ambalo baadaye alisema limeliwa na panya. Bwana Soli alitega mtego mwaka mzima, mtego ukaota kutu, asipate hata mkia. Watu walicheka. Naye alicheka kidogo, kwa pua. Maadamu kopo lilikuwa takatifu, mkewe alikuwa bado anatajwa nyumbani mwake. Akawaza: si mimi niliyesema. Mimi nimenyamaza tu, na kunyamaza ni tabia yangu.

Lakini Mama Pindo hakuwa mtu wa kunyamazia mshono. "Mshono wa uongo," alikuwa akisema, "haufumuki dukani. Hufumuka harusini."

Harusi ikaja. Katekista alileta ujumbe: Paroko amesikia, na Jumamosi, siku moja kabla ya Bibi kufika, atakuja mwenyewe kuona hicho kinachoombewa. Kengele alifagia mpaka kwa jirani. Bwana Soli hakula siku hiyo. Likifunguliwa, alijua, watasema Mama Pindo aliwachezea watu na mambo ya Mungu. Hata wale waliomlilia watamcheka. Na asiposema yeye kabla ya kufunguliwa, basi hata yeye atakuwa amemzika mara ya pili.

Jumamosi alasiri viatu vya Paroko vilisikika vikilia uchochoroni. Bwana Soli alivitia soli mpya miezi michache nyuma, na soli hizo hazikuwahi kukubali kunyamaza. Ukumbi ulikuwa umejaa mpaka dirishani. Paroko alisalimia, akatazama mshumaa, akatazama leso, akatazama suruali.

"Na hii?"

"Hiyo ni yangu, Padri," alisema mwenye bucha. "Bado mguu mmoja."

Paroko akavuta kiti. "Sikilizeni wapendwa. Masalia halisi huja na muhuri na hati, ili watu wasijiokotee. Halafu hatuyaabudu. Tunayaheshimu, kama mtu anavyotunza fimbo ya marehemu baba yake. Haiombi fimbo, anamkumbuka mwenye fimbo. Sasa, nani ananiambia hili kopo limetoka wapi?"

Kengele akavuta pumzi ya kutosha hadithi nzima. Lakini kabla hajaitoa, sauti ilisikika kutoka pembeni.

"Dukani. Lilikuwa na biskuti."

Watu waligeuka kutafuta nani kasema, maana wengi hawakuijua ile sauti. Bwana Soli alikuwa amesimama, mikono imeshika aproni ya ngozi.

"Padri, ni masalia kweli. Lakini ni masalia ya suruali. Na magauni. Ndivyo alivyoviita vipande vyake, kwa utani. Hakumdanganya mtu. Ni mimi niliyenyamaza, kwa sababu mlikuwa mnakuja."

  Paroko alinyoosha mkono, Bwana Soli akampa kisu cha kukatia ngozi, mfuniko ukachokonolewa, ukaruka na kumpiga katekista begani. Vipande vikafurika: vyekundu, vya kaki, vya maua, vya mistari.

Mwenye bucha ndiye aliyeanza. Aliokota kipande cha kaki, akakiweka pajani. "Hiki ni suruali yangu!"

"Na hili ni joho la kwaya!" alisema mwalimu wa kwaya. "Aliniambia kitambaa kimetosha kwa shida, ndiyo maana mikono ikaishia kwenye kiwiko!"

"Yesu na Maria!" Kengele alikuwa ameinua kipande cha maua ya zambarau. "Gauni langu! Wifi aliniapia kitambaa kimekwisha, nikakosa hata mkanda. Wifi wa damu kabisa!"

"Wifi hawi wa damu," alisema mtu.

"Nyamaza wewe! Nimelisalia rozari kwa magoti gauni langu mwenyewe!"

"Mafundi wote ni wale wale," ilisema sauti ya dirishani. "Ukimpa mita mbili za kitambaa, moja anavaa mteja, nyingine anakula fundi."

Ikawa kama alivyoogopa, tena mbaya zaidi. Watu waliokuwa wakilia jana walikuwa wanalinganisha vipande na pindo zao na kumwita marehemu mwizi. Bwana Soli hakuwa na maneno mengine. Yale machache ya mwaka mzima alikuwa amekwisha kuyatumia. Akasogea alichukue kopo, alitoe tu mbele ya macho yao. Likawa zito. Aliingiza mkono, pini ikamchoma, akavuta tena taratibu. Chini kabisa, kimekunjwa sawasawa na umbo la kopo, palikuwa na kitambaa kikubwa.

Alikikunjua juu ya cherehani. Kilikuwa kimeunganishwa vipande vipande, hakuna kipande kikubwa kuliko kiganja, mishono imenyooka kama rula. Pande tatu zilikuwa zimepindwa. Wa nne ulikuwa bado na pini.

Paroko aliinuka. Alipima kwa mikono, upana, urefu. "Hii ni meza yangu," alisema polepole. "Ziara ilipopangwa, mwaka juzi, nilimwomba kitambaa cha meza atakapowekwa Bibi. Nikamwambia nitamletea cheupe kipya. Akasema, 'Padri, cheupe kila parokia inacho. Niachie mimi. Nitawaleta wote, hata wasiokuja misa.' Nikadhani anasema atapita kuwaalika."

Mwenye bucha, ambaye mara ya mwisho kuingia kanisani ilikuwa siku ya ndoa yake, na hata hiyo alichelewa, alisogeza watu kwa bega. "Mimi niko wapi?"

Walitafuta. Kaki ilikuwa katikati.

"Katikati kabisa? Mimi?"

"Hapo hapo kitakapokaa kisanduku cha Bibi," alisema Paroko.

Mwenye bucha akakaa chini.

"Na mimi amenitia pembeni!" alisema Kengele, lakini sauti ilikuwa imemlegea. "Tazameni, pembeni kabisa, kama mpita njia."

"Uko mlangoni, mama," alisema Paroko. "Kengele ya kanisa inakaa wapi?"

Wote wakajitafuta, wakaonyeshana, wakagombea nani kakaa jirani na nani. Joho la kwaya lilikuwa limetiwa mbali na zambarau ya Kengele, na kila mtu alielewa kwa nini. Yule wa dirishani aliomba ageuziwe, akajikuta, akaacha kusema habari za mafundi. Bwana Soli naye alikuwa akitazama. Alipita mstari mmoja baada ya mwingine. Hakujiona. Akawaza kwamba ni sawa. Mtu wa aproni ya ngozi hana nguo ya kuchangia. Akashika ukingo ili akikunje, na kitambaa kikageuka.

Bitana yake, yote, kutoka pembe hadi pembe, ilikuwa shati la buluu.

"Panya," alisema Bwana Soli.

Kisha akacheka, kwa mdomo wazi, mpaka akaegemea cherehani, na machozi yakamshuka bila yeye kuyafuta, na watu wakamwachia nafasi kwa sababu hawakuwa wamewahi kuona jambo hilo wala hawakujua linachukua muda gani.

Ulibaki upande wa nne. Bibi alikuwa anafika kesho, na fundi mwingine wa karibu alijulikana kuwa hushona kama mtu anayefukuzwa. Wakamtazama Bwana Soli. Naye akaenda barazani, akarudi na sindano yake kubwa ya viatu na uzi wa nta. Alianza palepale, kitambaa mapajani, akichomoa pini za mkewe moja moja na kuzibana midomoni. Kengele alimshikia ncha ya pili tangu mwanzo hadi mwisho bila kusema neno lolote. Paroko alisema baadaye kwamba katika miujiza yote iliyoripotiwa nyumba ile, huo peke yake ndio yuko tayari kuuwekea sahihi.

Bibi alikuja ndani ya kisanduku cha kioo, kipande cha mfupa kidogo kama punje ya mchele. Kanisa lilijaa. Kengele alipofika mbele alipiga goti lake, lile la muujiza, akasema kwa sauti iliyofika mnarani, "Shikamoo, Bibi." Watu walibusu kioo, kisha kila mmoja akainama kidogo pembeni kugusa kipande chake, na mstari ukakwama.

"Juu, ndugu zangu, juu!" Paroko alikuwa akinong'ona. "Mtakatifu yuko juu!"

Mwenye bucha alikaa benchi la nyuma kabisa, na alipopita mbele alisahau kubusu kioo akarudi. Bwana Soli alikuwa wa mwisho. Alibusu. Halafu akaingiza kidole chini ya ukingo wa kitambaa, pale uzi wake wa viatu ulipokuwa umesimama kama reli, akaigusa bitana.

"Mm," alisema.

Bibi alikwisha kwenda parokia nyingine. Kitambaa kiko kwenye sakristia ya kanisa, hutandikwa siku kubwa, na upande mmoja haulali hata ukipigwa pasi. Mkeka umekunjwa. Bwana Soli yuko barazani na viatu vyake; kopo liko juu ya kabati, tupu, na mfuniko wake haukazi tena. Suruali ya mwenye bucha bado iko chini ya sindano, mguu mmoja umepindwa. Mwenye bucha hupita Jumamosi, anaitazama kutoka mlangoni, na anasema hana haraka nayo.